Maikrofoni, Spika na Wati: Fizikia ya Vyombo vya Bendi Isafiriyo

Tarehe 15 Agosti 1965 bendi ya Beatles kutoka Liverpool, Uingereza, ilipiga muziki katika uwanja wa Shea mjini New York mbele ya watu zaidi ya 55,000. Magitaa yao yalitegemea amplifaya za wati 100, na sauti za waimbaji zilipitia spika za uwanjani ambazo hazikuweza kushindana na mayowe ya mashabiki. Muziki ulifunikwa kiasi kwamba wapigaji wenyewe hawakuweza kusikilizana. Mwaka uliofuata, baada ya onyesho la tarehe 29 Agosti 1966 mjini San Francisco, bendi hiyo iliacha kabisa safari za maonyesho.

Mwaka 1974 bendi nyingine ya muziki wa roki, Grateful Dead ya California, ilizunguka Marekani na mtambo wenye spika zipatazo 600 na nguvu ya zaidi ya wati 26,000. Mtu akiyalinganisha mambo haya mawili aweza kudhani kwamba ugonjwa ulikuwa upungufu wa wati, na dawa yake ikawa kuziongeza. Dhana hiyo imeenea mno, hata kwetu. Bendi ya dansi inayozunguka mikoani, au shule inayochanga fedha za kununua vyombo vya sauti, hutanguliza swali moja tu: "Ni wati ngapi?"

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ni la nne, si la kwanza. Kiasi cha nguvu kinachoweza kutumika ukumbini huamuliwa kwanza na maikrofoni: ni ya aina gani, imewekwa wapi, na kinywa cha mwimbaji kiko umbali gani nayo. Fizikia inayohitajika ili kulielewa jambo hili haizidi ile inayofundishwa katika shule ya sekondari.

Kabla ya kuendelea, inafaa tuelewane kuhusu maneno. Neno "kipaza sauti" hutumika kwa vyombo viwili vinavyofanya kazi zilizo kinyume. Hapa tutaita "maikrofoni" chombo kinachopokea sauti na kuigeuza kuwa umeme, na "spika" chombo kinachogeuza umeme kuwa sauti. Katikati yake hukaa "amplifaya", ambayo huukuza umeme huo dhaifu.

Yowe latoka wapi?

Kila mtu aliyehudhuria mkutano au dansi amewahi kusikia yowe kali linalotoka kwenye spika ghafla, bila mtu yeyote kuimba wala kusema. Jambo hilo huitwa tokeo la Larsen, kwa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Absalon Larsen, aliyeishi kati ya mwaka 1871 na 1957. Sisi tutaliita mrejesho.

Sauti ya mwimbaji huingia katika maikrofoni, hukuzwa na amplifaya, kisha hutolewa na spika. Sehemu ya sauti hiyo husafiri hewani na kuirudia maikrofoni, nayo hukuzwa tena. Tuseme kwamba katika kila mzunguko sauti inayorudi ni nusu ya ile iliyotangulia. Tutapata 1, kisha 1/2, kisha 1/4, kisha 1/8, na kuendelea. Jumla ya mfuatano huo haizidi 2, na mwimbaji akinyamaza sauti hufifia yenyewe. Hapo hakuna hatari.

Sasa tuseme kwamba sauti inayorudi ni mara 1.1 ya ile iliyotangulia. Ikiwa spika iko mita 3.4 kutoka kwenye maikrofoni, na sauti husafiri kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, kila mzunguko huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika nusu sekunde mizunguko 50 huwa imekwisha kupita. Mwanafunzi akipiga hesabu ya 1.1 kwa kipeo cha 50 atapata takriban 117. Yaani mnong'ono mdogo, hata mkwaruzo wa kiatu jukwaani, umekuzwa zaidi ya mara mia kabla mtu hajawahi kuinua mkono kupunguza sauti.

Ukuaji huo hukoma pale tu amplifaya inapofikia kikomo cha nguvu zake. Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Yowe huanza pale sauti inayorudi inapolingana na ile iliyotangulia, na mpaka huo hautegemei ukubwa wa amplifaya. Bendi ambayo maikrofoni zake huanza kupiga yowe amplifaya inapotoa wati 50 haitapata nafuu kwa kununua amplifaya ya wati 1,000. Itapata yowe kubwa zaidi.

Umbali wa kinywa

Dawa ya kwanza haina gharama. Nguvu ya sauti hupungua kwa mraba wa umbali kutoka inapotoka. Mwimbaji anayesogeza kinywa kutoka sentimita 20 hadi sentimita 5 amepunguza umbali kwa mara nne, na nguvu ya sauti inayoifikia maikrofoni imeongezeka takriban mara 16. Sauti inayorudi kutoka kwenye spika haikubadilika hata kidogo. Kwa maneno mengine, kusogea sentimita 15 kumeleta matokeo sawa na kuongeza wati mara 16, bila kuukaribia mpaka wa yowe. Ndiyo sababu waimbaji wazoefu wa roki huimba karibu midomo ikigusa chombo.

Dawa ya pili ni kupunguza idadi ya maikrofoni zilizo wazi. Kila moja ni mlango wa kupitia sauti inayorudi. Idadi ikizidishwa kwa mbili, nguvu inayoweza kutolewa kabla ya yowe hupungua kwa nusu. Bendi yenye maikrofoni nane zilizo wazi, wakati wanaoimba ni wawili, imejinyima robo tatu ya uwezo wake. Maikrofoni isiyotumika na ifungwe.

Aina za maikrofoni

Aina mbili ndizo zinazotumika zaidi jukwaani. Ya kwanza ni maikrofoni ya koili. Ndani yake kuna kiwambo chembamba kilichounganishwa na koili ndogo ya waya iliyo katikati ya sumaku. Sauti hukitikisa kiwambo, koili husogea katika uga wa sumaku, na umeme huzalishwa kwa kanuni ileile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Chombo hiki hakihitaji umeme wa kukiendesha, hustahimili sauti kubwa sana, na kwa kawaida huendelea kufanya kazi hata baada ya kuanguka jukwaani.

Ya pili ni maikrofoni ya kapasita, iliyobuniwa na E. C. Wente katika Marekani mwaka 1916. Kiwambo chake ni bamba mojawapo kati ya mabamba mawili ya kapasita. Kinapotikisika, nafasi kati ya mabamba hubadilika, na volteji hubadilika pamoja nayo. Huhitaji umeme, ambao mara nyingi ni volti 48 zinazopelekwa na mikisa kupitia waya uleule wa sauti. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, Mmarekani mweusi, walibuni aina yake inayotumia plastiki yenye chaji ya kudumu. Hiyo ndiyo iliyoenea baadaye katika simu na vinasa sauti. Maikrofoni ya kapasita hunasa sauti nyembamba kwa uaminifu mkubwa, kama vile matoazi, lakini unyevu na misukosuko ya safari huiathiri zaidi. Kwa bendi inayosafiri kwa lori katika barabara ya vumbi, ya koili ndiyo inayofaa kununuliwa kwanza.

Hata hivyo, aina si muhimu kama mwelekeo. Maikrofoni fulani husikia sawasawa pande zote. Hiyo haifai jukwaani, kwani huisikia spika kama inavyomsikia mwimbaji. Inayofaa ni ile ambayo, ukichora uwezo wake wa kusikia kila upande, mchoro hufanana na umbo la moyo: husikia sana mbele, kidogo ubavuni, na karibu haisikii kabisa nyuma.

Siri yake imo katika matundu yaliyo nyuma ya kiwambo. Sauti inayotoka nyuma hufika kwenye kiwambo kwa njia mbili: moja huzunguka hadi mbele, nyingine huingia kwa matundu ya nyuma ambamo hucheleweshwa makusudi. Zote mbili hufika kwa wakati mmoja, husukuma kiwambo pande zote mbili sawasawa, nacho hakisogei. Benjamin Bauer wa kampuni ya Shure, mjini Chicago, alifaulu kufanya hivyo kwa kutumia kiwambo kimoja tu, na maikrofoni yake ya Unidyne ilitolewa mwaka 1939. Kutokana na kazi hiyo kampuni hiyohiyo ilitoa SM58 mwaka 1966, ambayo hadi leo huonekana katika majukwaa ya dunia nzima.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, spika ndogo ambayo mwimbaji huitumia kujisikiliza na iwekwe sakafuni, nyuma kabisa ya maikrofoni, mahali ambapo maikrofoni ni kiziwi. Kuna aina nyembamba zaidi ya umbo la moyo ambayo uziwi wake hauko nyuma kabisa bali nyuma kwa pembeni. Spika ya aina hiyo isogezwe ubavuni kidogo. Pili, mwimbaji asifumbate kichwa cha maikrofoni kwa kiganja. Akifanya hivyo huyaziba matundu, chombo husikia pande zote, na yowe huanza. Waimbaji wengi vijana hufumbata zaidi wanaposikia yowe, wakidhani wanalizuia, kumbe wanalichochea.

Funzo la Ukuta wa Sauti

Sasa tunaweza kuurudia mtambo wa Grateful Dead, uliojulikana kama Ukuta wa Sauti. Spika zake zote zilipangwa nyuma ya wanamuziki, ili wao na wasikilizaji wasikie kitu kimoja. Kwa mujibu wa yale tuliyokwisha kueleza, huo ni mpango mbaya kuliko yote, maana maikrofoni zilielekezwa kwenye ukuta wa spika 600. Iweje basi zisipige yowe?

Kila mwimbaji alipewa maikrofoni mbili zilizokaa moja juu ya nyingine, na nyaya za moja zilikuwa zimegeuzwa, hivi kwamba umeme wa moja ulipopanda wa nyingine ulishuka. Sauti ya spika ilizifikia zote mbili kwa kiasi kilekile, na jumla yake ikawa karibu na sifuri. Mwimbaji aliimba katika moja tu, kwa karibu sana, na kwa hiyo sauti yake haikufutwa. Lakini ilimbidi asiondoe midomo kwenye chombo, na sauti ya uimbaji ilipungua uzito. Aidha, mtambo huo ulikuwa na uzito wa makumi ya tani, na gharama za kuusafirisha na kuusimamisha ziliielemea bendi. Baada ya maonyesho ya San Francisco ya Oktoba 1974 haukusafirishwa tena.

Kwa bendi isiyo na fedha nyingi, njia iliyo rahisi ni ile ya zamani: spika zinazowaelekea watu ziwekwe mbele ya maikrofoni, kushoto na kulia, zikitazama mbali na jukwaa. Katika ukumbi wa kuta za saruji na paa la bati tahadhari zaidi yahitajika, kwani sauti huakisiwa na kurudi kutoka kila upande. Mapazia mazito, na hata umati wa watu wenyewe, hunyonya sehemu ya sauti hiyo. Ndiyo sababu vyombo vilivyojaribiwa katika ukumbi mtupu hutenda tofauti ukumbi unapojaa.

Mbinu hii ya kugeuza na kufuta hutumika pia katika waya wa maikrofoni. Maikrofoni nzuri ya jukwaani ina ukinzani mdogo, yaani omu mia kadhaa, na hutumia waya wenye nyuzi mbili za sauti ndani ya ngao ya tatu. Mngurumo wa hezi 50 kutoka katika nyaya za umeme huingia katika nyuzi zote mbili sawasawa, bali sauti huja ikiwa imegeuzwa katika mojawapo. Mikisa hutoa uzi mmoja kutoka kwa mwingine: mngurumo hufutika, sauti hubaki. Waya wa namna hiyo waweza kufika makumi ya mita. Maikrofoni yenye ukinzani mkubwa na waya wa uzi mmoja huanza kupoteza sauti nyembamba baada ya mita chache tu.

Sasa tuzungumze wati

Sikio halihesabu wati kama mita ya umeme. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Nguvu ikizidishwa kwa mbili, huongezeka desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, nguvu hubidi kuzidishwa takriban mara 10.

Kwa hiyo mnunuzi na aulize kwanza: spika hii hutoa desibeli ngapi katika umbali wa mita 1 ikipewa wati 1? Spika inayotoa desibeli 100, ikipewa wati 100, hulingana na spika ya desibeli 90 iliyopewa wati 1,000. Tofauti hiyo ya wati 900 hulipiwa katika bei ya amplifaya, uzito wa mizigo na mafuta ya jenereta.

Tena, katika uwanja wa wazi kila umbali unapozidishwa kwa mbili sauti hupungua desibeli 6. Spika yetu ya desibeli 100, ikipewa wati 100, hutoa desibeli 120 kwa mita 1, na desibeli 90 kwa mita 32. Mtu aliyesimama mita 2 mbele yake hupata desibeli 114, zinazoweza kumdhuru. Spika ikiinuliwa mita 6 juu ya vichwa, aliye chini yake yuko mita 6 na aliye mwisho yuko mita 33 hivi. Tofauti kati yao hupungua kutoka desibeli 24 hadi 15. Jukwaa la mbao lililo imara kwa ajili ya spika laweza kuwa na manufaa kuliko amplifaya ya pili.

Umeme na masikio

Tarehe 3 Mei 1972, katika ukumbi mmoja mjini Swansea, Wales, Leslie Harvey, mpigaji gitaa wa bendi ya Stone the Crows, aligusa maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa na ardhi ipasavyo, akauawa na umeme mbele ya watazamaji. Kisa chake chaeleweka kwa urahisi. Nyuzi za gitaa huungana na bati la amplifaya moja, na maikrofoni huungana na mtambo mwingine. Ikiwa mmoja una hitilafu na hauna waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, kati ya mikono na midomo ya mwimbaji panaweza kuwa na volti 230. Mkondo wa miliampea makumi machache tu ukipita moyoni waweza kuua.

Mara nyingi ethi hukatwa makusudi ili kuondoa mngurumo katika spika. Hilo halina udhuru hata kidogo. Mngurumo huondolewa kwa kuchukua umeme wa vyombo vyote mahali pamoja, na kwa kutumia waya wa nyuzi mbili tuliouelezea. Aidha, swichi inayokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30 na iwe miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa, hasa kwa bendi inayopiga leo kwa umeme wa ukumbi na kesho kwa jenereta.

Hatari ya pili haiui, bali haiponi. Wataalamu wa afya kazini hukubali desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupunguzwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, na 100 kwa dakika 15. Tarehe 31 Mei 1976 bendi ya The Who ilipimwa mjini London ikatoa desibeli 126 kwa umbali wa mita 32, jambo lililoingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Baadaye kitabu hicho kiliacha kuorodhesha rekodi za namna hiyo, kisije kikawahimiza watu kuharibu masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba katika kumbi za muziki wastani wa dakika 15 usizidi desibeli 100.

Jaribio kwa darasa

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo la msingi kwa vyombo vya shule. Sauti iwekwe chini, na mwanafunzi mmoja awe tayari kuifunga. Spika isimame mahali pamoja. Maikrofoni ielekezwe kwenye spika na kusogezwa polepole mpaka yowe lianze. Umbali huo upimwe kwa futikamba na kuandikwa. Jaribio lirudiwe maikrofoni ikiwa ubavu, kisha ikiwa imeipa spika mgongo, na mwisho kichwa chake kikiwa kimefumbatwa kwa kiganja. Wanafunzi wachore matokeo na waeleze sababu zake. Wasiweke masikio karibu na spika.

Kwa ufupi, anayechagua vyombo vya bendi na afuate utaratibu huu: kwanza ethi na swichi ya usalama, pili maikrofoni ya koili yenye umbo la moyo, na waya wa nyuzi mbili, tatu spika yenye desibeli nyingi kwa wati 1, na mahali pa kuiinulia, nne, na mwisho, wati. Fedha zikiisha kabla ya kufika namba ya nne, bendi bado itasikika. Zikianzia namba ya nne, zitanunua yowe.